Kwa vijana wanaosoma falsafa: msomeni George Grote

Wajukuu zangu,

Nawasikia mkibishana. Mmoja akiwazidi wenzake kwa maneno, mnamwita msofisti, na mjadala umekwisha. Nani aliwaambia kwamba Wasofisti, wale walimu wa kulipwa wa Ugiriki ya kale, walikuwa walaghai? Plato. Naye, mwanafalsafa wa Athens ya kale, alikuwa mpinzani wao. Kuwajua kwa kinywa chake peke yake ni kuuliza sifa za mke kwa mke mwenza.

Kwa hiyo mtafuteni George Grote, Mwingereza aliyezaliwa 1794. Huyu hakusoma chuo kikuu. Akiwa na miaka 16 aliingizwa kazini katika benki ya familia, akajisomea Kigiriki, historia na falsafa kila alipopata nafasi. Kati ya 1846 na 1856 alichapisha historia ya Ugiriki yenye majuzuu 12. Ninayowasisitizia ni sura ya 67, iliyotoka 1850.

Humo Grote anawasikiliza washtakiwa kwanza. Je, Wasofisti walikuwa kundi lenye fundisho moja? La, walikuwa walimu wa kulipwa, kila mtu na lake. Mbona walitafutwa sana? Kwa sababu Athens mtu alijisemea mwenyewe mahakamani, na asiyejua kuzungumza barazani hakuwa na lake. Kisha anamrudia Plato mwenyewe. Katika maandishi ya Plato, Protagoras, mmoja wa Wasofisti hao, anafundisha kwamba soni na haki wamegawiwa watu wote. Tena mwanafunzi wake akiona ada ni kubwa, huenda hekaluni akaapa mafunzo yale yana thamani gani, akalipa kiasi hicho. Mlaghai gani anafanya biashara hiyo? Prodikos, Msofisti mwingine, ndiye mwenye kisa cha shujaa Herakles kuchagua kati ya wema na anasa, na aliyetuhifadhia kisa hicho ni Xenophon, mfuasi wa Sokrates, mwalimu wa Plato.

Hilo la ada hunichekesha. Plato alitoka katika ukoo wa wenye nacho, hivyo kuwabeza wanaofundisha kwa malipo hakukumgharimu kitu. Sisi tuliolea watoto kwa mshahara wa ualimu tunaruhusiwa kununa kidogo.

Lakini Grote naye msimmeze mzima mzima. Alikuwa mbunge wa London kuanzia 1832 hadi 1841, mwanamageuzi aliyepigania kura ya siri, na Athens yake wakati mwingine inafanana mno na Uingereza aliyoitamani. Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge, alimtetea katika makala ya 1872, ila hakuacha kumsahihisha. Someni hivyo hivyo, penseli mkononi. Na msimdhanie chuki dhidi ya Plato, maana mwaka 1865 alimwandikia majuzuu matatu, akimpitia mazungumzo kwa mazungumzo, hata yale yasiyofikia jibu lolote.

Anzeni na sura hiyo ya 67. Kisha someni mazungumzo ya Plato yaitwayo *Protagoras* yote, si muhtasari wake, ndipo mfuatishe *Gorgias*, ambamo Plato ni mkali zaidi. Mkimaliza, njooni tubishane.

Babu yenu, mwalimu mstaafu