Malalamiko Kuhusu Tathmini ya Hatari ya Mitambo Yetu ya Barafu

Idara ya Matengenezo,
Kiwanda cha Barafu,
Tanga.

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

YAH: RIPOTI YA TATHMINI YA HATARI NA MFUMO WA KUDHIBITI AMONIA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa niaba ya idara ya matengenezo, baada ya simu na ujumbe wetu kuishia kwenye jibu moja, "tunalifanyia kazi". Ninyi ndio mliotufungia mitambo, na ripoti yenu ya tathmini ya hatari zake tumeisoma pamoja na viambatisho vyake, na hatuipokei. Malipo ya awamu ya mwisho yamesimama mpaka haya yafuatayo yashughulikiwe.

Nianze na dogo nilimalize. Ukurasa wa hatari za moto unazungumzia boila na mashine ya kusaga mahindi. Hatuna boila. Mahindi pekee yanayoingia humu ndani ni ya kuchoma, na huja mkononi mwa fundi wa zamu ya usiku. Mmenakili ripoti ya kiwanda cha mtu mwingine, na aliyenakili hakusoma alichobandika. Hilo linaudhi, lakini halimuui mtu.

Linaloweza kuua ni hili. Mmetuletea tathmini mbili katika jalada moja, zilizoandikwa na watu ambao ni dhahiri hawakukaa meza moja. Ya kwanza, ya usalama wa wafanyakazi, inasema hatari ya kuvuja kwa amonia, gesi ya sumu inayopoza mitambo yetu, ni ndogo kwa sababu sensa zitapiga kengele na kuzima kompresa. Ya pili, ya ulinzi wa mtandao, inasema paneli ya mitambo ina umuhimu mdogo kwa sababu haihifadhi taarifa za wateja wala fedha. Kila moja ukiisoma peke yake inaridhisha. Hakuna hata moja iliyouliza itakuwaje mtu akipitia huo mtandao wenye umuhimu mdogo na kuzizima hizo sensa mnazozitegemea.

Nasi hatuhitaji kukisia, kwa sababu limeshatokea, na aliyelifanya ni fundi wenu. Tulipojaribu kengele kwa gesi ya majaribio, haikulia. Kiwango kilichokubaliwa siku ya makabidhiano kilikuwa sehemu 25 katika milioni. Tulikuta 300. Hicho ndicho kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inakihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa maneno mengine, kengele ingelia wakati mtu aliyemo ndani ameshapaswa kuwa nje. Tulipopiga simu, fundi wenu alieleza bila wasiwasi kwamba alikipandisha akiwa Dar es Salaam, kwa kuwa kengele ilikuwa "inasumbua" kila tunapotoa oili kwenye mfumo. Ni kweli, oili ikitolewa amonia kidogo hutoka nayo. Dawa yake ni kurekebisha namna ya kuitoa hiyo oili. Hakumwambia msimamizi wa zamu, hakuandika popote, na hakuna kumbukumbu kwenye mfumo inayoonyesha nani aliingia na alibadili nini.

Aliwezaje? Kwa sababu kila kitu kiko kwenye PLC moja, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mitambo: kuwasha na kuzima kompresa, pampu za maji ya chumvi, feni za kondensa, sensa za amonia na kikomo cha presha ya juu. Hata kitufe chekundu cha dharura pale mlangoni, waya wake unaingia kwenye PLC kama ishara tu, badala ya kukata moja kwa moja umeme wa kontakta, ile swichi kubwa inayowasha kompresa. Ndani ya paneli hiyo hiyo mmeacha modemu yenye laini ya simu, na nywila yake ni ile iliyochapishwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Swichi ya PLC tuliikuta kwenye nafasi ya kuandika programu, ufunguo ukining'inia. Mawasiliano na skrini ya zamu yanapita kwa Modbus, itifaki iliyotoka mwaka 1979, ambayo kwa asili yake haimuulizi mtoa amri yeye ni nani. Mtu akishafika kwenye waya, amri yake inatiiwa.

Halafu ripoti inahesabu kikomo cha presha, sensa na kitufe kuwa kinga tatu zinazojitegemea. Ni sawa na kumpa mtu mmoja funguo za duka na za sanduku la fedha, kisha mkaandika kwamba mali inalindwa na kufuli mbili.

Meneja wenu wa mradi alituambia kwamba wadukuzi hawana shida na kiwanda cha barafu cha Tanga. Huenda. Ila mwaka 2000, kule Maroochy nchini Australia, mtu aliyemwaga lita zipatazo 800,000 za maji machafu kwenye mito na viwanja hakuwa jasusi wa nchi yoyote. Alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni iliyofunga mfumo wa kudhibiti pampu, akaacha kazi, akanyimwa ajira na halmashauri, akaanza kutoa amri kwa redio. Aliujua mfumo, na milango ilikuwa bado wazi. Ndiyo maana nauliza: mafundi wenu walioacha kazi tangu mtufungie mitambo bado wanayo nywila yetu? Katika orodha yenu ndefu ya vitisho, mna virusi na mna wadukuzi wa kimataifa. Mfanyakazi wa zamani wa mkandarasi hayumo.

Na kuhusu ule ufunguo unaoning'inia, mwaka 2017 kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia kilivamiwa, na wavamizi wakafika hadi kwenye vidhibiti vya usalama vya Triconex, ambavyo kazi yake ni kuzima mtambo mambo yanapoharibika. Swichi ya ufunguo ilikuwa imeachwa kwenye nafasi ya programu. Kilichokiokoa kiwanda ni kwamba wavamizi walikosea, na mtambo ukajizima wenyewe. Kwetu sisi hata vidhibiti vya usalama vya pembeni hatuna, kwa hiyo mvamizi angekuwa na kazi ndogo zaidi.

Jalada la ripoti limepambwa kwa IEC 61511 na IEC 62443, viwango vya kimataifa vya mifumo ya usalama wa mitambo na vya ulinzi wake wa mtandao. Basi someni mnachokitaja. Toleo la 2016 la IEC 61511 linataka mfumo wa usalama ufanyiwe tathmini ya udhaifu wake wa kiulinzi. IEC 62443-3-2 inataka mitambo igawanywe kwenye kanda za ulinzi, na kila njia inayounganisha kanda hizo ichunguzwe. Mchoro wenu una kanda moja. Modemu haipo kabisa kwenye mchoro.

Yapo mengine nitayagusa tu. Umeme ukikatika na kurudi, kompresa zinajiwasha zenyewe kwa zamu bila mtu kubonyeza chochote. Tunafunga breka ya umeme kwa kufuli fundi anapokuwa ndani, lakini mashine yenye nguvu hiyo haipaswi kuamka yenyewe, na ripoti haikuliona hilo katika mji ambao kukatika kwa umeme si habari. Joto la kaskazi nalo halimo. Miezi hiyo presha ya kondensa hupanda, na ndiyo miezi ambayo zamu hushawishika kuzima kengele ili barafu ya wavuvi isikwame. Mngeuliza watu wa zamu mngeambiwa. Hakuna aliyewauliza. Mtathmini wenu alipiga picha paneli, akanywa chai ofisini, akaondoka.

Kwa athari kwa majirani mmeandika "hakuna, eneo la viwanda". Nyuma ya ukuta wetu kuna mama lishe, wachuuzi wa samaki na wabebaji, kuanzia alfajiri. Mmejitetea kwamba amonia ni nyepesi kuliko hewa na itapaa. Ikivuja kama kimiminika cha presha hutoka na matone, hukutana na unyevu wa pwani, na wingu lake jeupe linaweza kutambaa chini kwa muda kabla ya kupaa. Njia ya upepo kutoka chumba cha kompresa inapita kwenye majiko yao.

Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri wa watu hawa ni sisi. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, akija atatuuliza sisi, na karatasi nitakayomwonyesha ni hii yenye boila.

Tunachotaka ni tathmini mpya itakayofanyika hapa kiwandani, mtu wa usalama na mtu wa mtandao wakiwa chumba kimoja na mafundi wetu wa zamu zote, wa usiku wakiwemo. Kila kinga mtakayoihesabu iulizwe kwanza: je, anayeweza kuharibu mtambo kwa njia ya mtandao anaweza kuizima na hii pia? Kikomo cha presha, sensa za amonia na kitufe cha dharura vitolewe kwenye PLC, vifungwe kwa waya na rilei za usalama ili vikate umeme wa kompresa bila kuomba ruhusa ya programu. Gharama ya hilo ni yenu, kwa kuwa mkataba unasema kinga zinazojitegemea. Mtukabidhi nakala ya programu na nywila zote. Modemu tumeshaichomoa na iko kabatini kwangu. Mkihitaji kuingia, mtapiga simu, fundi wetu ataichomeka na kusimama mbele ya paneli, na mabadiliko yataandikwa daftarini kabla hajaichomoa tena. Ufunguo wa PLC ninao mimi.

Nasubiri tarehe ya kuja kwenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Msichague siku za giza, wavuvi wa dagaa wanapotoka na sisi hatuna nafasi ya kusimamisha hata kompresa moja. Na mtathmini aje na viatu vya kazi, atapanda ngazi za kondensa.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Matengenezo

Nakala: Meneja wa Kiwanda, Kamati ya Usalama na Afya ya Wafanyakazi