Baba, hilo jiko lilale nje

Baba,

Sisi wazima, mdogo wako tu ana mafua. Jana redio imesema tena, watu wamelala na jiko la mkaa ndani hawakuamka, nikazima nikachukua kalamu hapohapo maana kwenye simu nikifika hapa we unasema "mama usiwe na wasi" halafu mtandao unakata, au unakata mwenyewe sijui.

Uliniambia baridi la Tabora limezidi, jiko unaliingiza moto ukishapungua, dirisha umeziba na boksi, ila nisiogope kwa sababu una maua mawili kwenye kopo yanakupa oksijeni. Baba! Mtu anasomea ualimu wa baiolojia ndo anaongea hivyo?

Nimechukua daftari la mdogo wako nikasoma mwenyewe. Usanisinuru unataka mwanga. Jani linachukua kaboni dayoksaidi na maji, kwa nguvu ya jua linatengeneza sukari, oksijeni inatoka. Giza likiingia hiyo kazi imelala. Kupumua sasa hakulali, kila seli hai, ya kwako na ya hayo maua, usiku na mchana inaivunja sukari kwa oksijeni ipate nguvu, na kaboni dayoksaidi inatoka. Kwa hiyo usiku maua nayo yanavuta oksijeni hiyohiyo yako. Yanavuta kidogo, hayaui mtu, lakini hata mchana makopo mawili yasingekutosha. Kinachoua ni jiko.

Huo mkaa niliuwaza nikigeuza dagaa kwenye kichanja. Ni mti wa miombo uliokusanya kaboni ya hewani miaka na miaka, we unaichoma usiku mmoja. Hewa ikiwa haba, kama kwenye hicho chumba chako cha boksi, inatoka kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Seli zinakaa na sukari yake hazina cha kuivunjia. Na wewe unangoja moshi uishe ndo uingize! Mkaa uliowaka vizuri hauna moshi, hiyo hewa inaendelea kutoka tu.

Utasema hata sisi masika tulikuwa tunaliingiza. Najua. Zile asubuhi ulikuwa unaamka kichwa kinakugonga nakupa dawa ya malaria, ukitoka nje kidogo unapona... Siku hizi linalala chini ya mwembe hata mvua inyeshe.

Juzi nimemwambia mama jirani kwamba mwanangu semista hii amefaulu masomo yote, nikamrudia mara ya pili akachoka. Sasa nimwambie nini akijua unalala na jiko?

Ile hela ya blanketi uliyoomba Mei iliingia kwenye bati la jikoni, lilikuwa linavuja. Nimekununulia la mtumba, zito, lifue kwanza. Limepanda treni na dumu la mawese lita 5 na dagaa kidogo, ni mbalamwezi wavuvi hawajaingia ziwani kwa hiyo bei imeruka. Dumu lisimame wima, kifuniko kimelegea nimekifunga na nailoni.

Hilo boksi dirishani umelitoa? Jibu hilo kwanza, ya mawese baadaye.

Mama yako, Kigoma