Salamu za Idi kwa Wapishi na Wauza Vyakula wa Mombasa

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya jamaa zangu na kina dada wote ninaopika nao, natoa mkono wa Idi kwa wapishi wenzangu wa shughuli, kina mama wa mahamri na mbaazi, vijana wa mishkaki, wauza kahawa, wakaanga viazi, wenye mikahawa na wenye kutandika meza barazani. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu na visimamo vyetu, atughufirie tuliyoyakosea, na aturuzuku kuifikia Ramadhani nyingine tukiwa wazima wa afya na imani. Kwa majirani zetu Wakristo, ambao mwaka huu wa 2022 Kwaresima yao ilikutana na mfungo wetu na Pasaka ikaingia katikati ya mwezi, nao tunawatakia kheri na baraka. Na kwa kuwa nchi imetoka kumzika Rais mstaafu Mwai Kibaki Jumamosi hii, 30 Aprili 2022, tunaipa pole familia yake na Wakenya wote.

Ramadhani hii ya 2022 tumefunga na kufuturu bila kafyu ya korona, ile amri ya kutotoka nje usiku, kwa mara ya kwanza tangu 2019. Nimewasikia wengi wakilitaja hilo kwa neno moja, kisha wakahamia kwenye bei ya mafuta. Bei nitazifikia. Kwanza tushukuru, na mtu hawezi kushukuru ipasavyo akishasahau alikotolewa.

Anayeuza chakula Mombasa anajua kuwa Ramadhani ina masoko mawili. La kwanza ni baada ya Laasiri: kaimati, sambusa, tambi, mkate wa sinia, viazi vya karai, watu wananunua huku jicho liko kwenye saa. La pili ni baada ya Tarawehe, na hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Watu wameshatuliza njaa, hawana haraka, wanakaa na kahawa na mishkaki mpaka karibu na daku. Mwaka 2020 soko hili la pili lilikufa kabisa. Kafyu ilianza 27 Machi, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Misikiti imefungwa, Tarawehe tunaziswali majumbani. Lile la kwanza nalo likawa la kukimbizana, kwa sababu Magharibi kwetu huingia inapokaribia saa kumi na mbili na nusu, na ikigonga saa moja polisi wako barabarani. Serikali iliporuhusu mikahawa ifunguliwe mwishoni mwa Aprili, masharti yalikuwa wafanyakazi wapimwe korona, wateja wakae mbalimbali kwa mita moja na nusu, na milango ifungwe saa kumi jioni. Saa kumi jioni ndani ya Ramadhani! Aliyefunga bado ana zaidi ya saa mbili mbele yake, na wewe unaambiwa uzime jiko.

Kisha 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa wote, asiingie mtu, asitoke mtu. Unga uliobaki ndani ndio huo, mteja wa Majengo au Tudor hakufikii, na viazi ulivyonunua kwa gunia vinaota macho pale pembeni mwa jiko. Idi ya mwaka ule, 24 Mei, ilitukuta ndani. Tuliswali sebuleni na watoto. Nguo zao mpya walivaliana wenyewe kwa wenyewe, na uwanjani Makadara hapakuwa na bembea wala muuza mabuyu.

Tukiulizwa tulivuka vipi, wengi hujibu ni subira. Subira ilikuwepo, alhamdulillahi. Lakini kilichoweka unga ndani ya nyumba zetu kilikuwa daftari la dukani. Mwenye duka aliendelea kuandika unga, sukari na mafuta bila kuuliza lini. Muuza nazi aliacha fungu mlangoni akasema utanipa ukiuza, naye anajua kuwa hatuuzi. Wako wenye nyumba waliopokea nusu ya kodi na wakanyamaza. Wako wateja waliotuma pesa kwa simu asubuhi, na M-Pesa ya chini ya shilingi 1,000 mwaka ule ilikuwa haina ada, wakasema mahamri yao tumpe mlinzi au yule bibi wa chumba cha nyuma. Hakuna aliyetiliana saini na mtu. Benki hazikutujua kabla ya korona, na wakati wa korona hazikutujua vilevile. Waliotubeba ni watu wa mtaa, na wao wenyewe walikuwa hawana. Naomba hili tulikumbuke vizuri, kwa sababu ndilo msingi wa yote nitakayoyasema hapa chini.

Wapo tuliowapoteza. Kila jiko lina wake, na sitataka kuwataja wa wenzangu bila idhini yao. Mimi nilimpoteza mama yangu mdogo, Agosti 2021, kwenye lile wimbi la korona la katikati ya mwaka. Yeye ndiye aliyenifundisha pilau ya watu mia nne. Hakutumia saa. Akishapalia makaa juu ya mfuniko hakumruhusu mtu kusogea. Aliinama akatega sikio karibu na sufuria, na maji yakiwa yameisha aliijua sauti yake. Mwanamke aliyelisha maelfu kwenye hitima za wenzake tulimzika watu wachache, kwa masharti ya wakati ule, na kwenye hitima yake haikuinjikwa sufuria kubwa hata moja. Shaaban hii, harusi ziliporudi kwa wingi, nilikuwa uani nimepalia pilau ya watu, moshi umenijaa machoni, nikaita, "Mama mdogo, njoo uisikilize." Wasichana wote wakaacha kukatakata kachumbari. Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliotangulia, aliyekwenda kwa korona na aliyekwenda kwa lingine.

Sasa bei. Mwaka huu wa 2022 mtungi wa mafuta wa lita 20 tunanunua karibu mara mbili ya tulivyokuwa tukinunua kabla ya korona. Alhamisi ya 28 Aprili 2022 tulisikia Indonesia imezuia mawese yake yasitoke nje, na mafuta mengi tuliyokuwa tukikaangia hapa yalitokana na mawese ya kuagiza, kwa hiyo nafuu ya haraka hatukuitegemea. Ngano nayo, kwa kuwa nyingi huagizwa na sehemu kubwa ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine, ilipanda vita vilipoanza Februari 2022. Gesi tangu Julai 2021 ilitozwa kodi ya asilimia 16, na mtungi wa kilo 13 ukavuka shilingi 3,000, hata wengine wetu tumerudi kwenye makaa. Aprili 2022 ndio ikaja adha ya uhaba wa petroli. Vijana wa boda na tuktuk walishinda kwenye foleni huku futari ya watu ikipoa ndani ya mifuko. Wallahi ni mwaka mgumu. Atakayesema tumerudi kama zamani hajashika mtungi wa mafuta.

Hata hivyo nina matumaini, na si ya mdomoni. Nayaona kwa macho. Wapishi waliopunguzwa kazi kwenye mahoteli ya Nyali na Diani 2020, wengi hawakukaa wakalia. Leo wana majiko majumbani mwao, wanapokea oda za biriani ya Ijumaa kwa WhatsApp, na baadhi yao wameshaajiri mtu wa pili. Kijana wa jirani yangu alianza na jiko moja la mishkaki baada ya kafyu kuondolewa Oktoba 2021. Ramadhani hii alikuwa na majiko mawili na mdogo wake wa kukata vitunguu. Treni ya Pasaka ilishusha wageni kutoka Nairobi, na kwenye bustani ya Mama Ngina ufukweni jioni hukupata pa kukaa. Usiku mmoja wa kumi la mwisho nilipita kwenye karai la bibi mmoja wa viazi, baada ya Tarawehe. Kiazi kinachovywa kwenye unga wa manjano, kinaachiwa kwenye mafuta, kinapanda juu, kinageuzwa mara moja, kinatoka. Ukwaju uko kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Watu wamepanga mstari mpaka pembe ya nyumba, na yule bibi anakaanga huku anawauliza habari za wazazi wao mmoja mmoja. Mwaka 2020 saa zile njia ile ilikuwa na paka peke yao.

Kwa kuwa Mungu ametufikisha hapa, ndugu zangu, tuna haki za watu shingoni. Tuanze na lile daftari. Ambaye bado ana deni la 2020 dukani na sasa ameanza kuuza, aende akalipe kidogo kidogo, hata kama mwenye duka ameshanyamaza. Kunyamaza kwake ni uungwana wake, haikufuti jina lako kitabuni. Muuza nazi aliyekuachia fungu naye umtazame: huenda leo yeye ndiye aliyekwama.

Halafu kipimo. Najua wengi mnajiuliza mpandishe bei au mpunguze ukubwa. Mimi nasema pandisha bei, tena mwambie mteja usoni kwa nini. Hamri lililopungua kimyakimya, mbaazi iliyoongezwa maji, kilo ya nyama iliyogeuka robo tatu, hayo ni mambo tutakayoulizwa, na Mwenyezi Mungu ametuonya vikali juu ya vipimo vya punja. Mafuta yakishakuwa meusi yamwage. Yanauma, najua yanauma, kwa bei hii mtu huyaangalia mara tatu kabla ya kuyamwaga, lakini yule anayekula kwako ni mtoto wa mwenzio. Na ile ndoo ya maji yenye bomba tuliyoweka mlangoni wakati wa korona, mbona wengi tumeiondoa? Barakoa za njiani zimeruhusiwa kuvuliwa tangu Machi 2022, sawa. Hakuna aliyeruhusu mikono michafu. Irudisheni ndoo, na sabuni iwe hapo.

Tuwatazame pia wanaotusaidia kazi. Jumapili ya 1 Mei 2022, Siku ya Wafanyakazi, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wakati huo, alitangaza kima cha chini cha mshahara kiongezwe kwa asilimia 12. Wengi wetu hatumo kwenye vitabu vya mtu, na hakuna mkaguzi atakayegonga mlango. Lakini msichana anayekuna nazi kwako tangu alfajiri ananunua unga kwa bei ileile unayonunua wewe. Ukiweza asilimia 12, mpe. Usipoweza, kaa naye umwambie uwezo wako, na chakula cha kupeleka nyumbani kisikose. Usimlipe kwa maneno. Ujira wa mtu hulipwa jasho lake halijakauka, na sisi tunaofanya kazi motoni tunajua jasho ni nini.

Na tushikane. Mtungi mmoja mmoja wa mafuta kwa bei ya rejareja utatumaliza. Kina mama watano au sita wa mtaa mmoja wakichanga wakanunua kwa jumla, kila mmoja anabaki na kitu mwisho wa wiki. Tuweke na akiba, hata ya shilingi hamsini kwa siku, kwa sababu 2020 ilitukuta wengi wetu hatuna hata mtaji wa kesho yake. Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2022. Tusikubali mtu atununulie sufuria na aproni kisha atugombanishe na majirani ambao juzi tulikula kwenye sinia yao. Mfungo mzima tunaumaliza kwa pishi ya chakula kwa maskini, kabla hata ya sala ya Idi. Hatukuambiwa tuufunge kwa nguo wala kwa fedha za kujionyesha. Basi sisi ambao chakula ndiyo kazi yetu tuna dhima kubwa zaidi ya kuhakikisha hakuna jirani anayelala njaa tukiwa na ukoko kwenye sufuria. Tulilishwa tulipokuwa hatuna, na sasa ni zamu yetu.

Kwa wanaouliza: mosi ya Idi tumepumzika na watoto wetu. Siku ya pili, inshallah, tuko Makadara kuanzia baada ya Laasiri na bhajia, viazi na maji ya ukwaju, na oda za harusi za mwezi wa Mfungo Mosi tunapokea kuanzia siku ya nne. Walio safarini, walio Uarabuni kazini na hawakupata ruhusa ya kuja kula na wazazi wao, salamu zenu zimefika na watoto wenu tumewapa mkono wa Idi.

Mungu awape wagonjwa shifaa, wafiwa subira, wenye madeni wepesi, na wenye biashara baraka katika kidogo walicho nacho. Minal aidina walfaizina. Kullu aam wa antum bikheri.