Barua ya wazi kwa wauzaji wapya mnaosoma kimya kundini, Arusha na Moshi

Wanangu na wadogo zangu,

Mmeingia kundi letu la simu la wauza nguo na viatu mtandaoni, mnasoma kila kinachoandikwa, lakini ninyi wenyewe hamwandiki. Ukimya huo unawagharimu, na unatugharimu na sisi.

Anayeuza mtandaoni hana meza ambayo mteja anaipita kila asubuhi, wala jirani wa kumsemea. Kinachoonekana ni jina lake na yale aliyowahi kuandika. Siku utakapoomba mzigo kwa mali kauli, yaani uuze kwanza ndipo ulipe, au utakapotaka mwenzako wa Kiboriloni akutengee majaketi kabla hujatuma hela, atarudi nyuma kutazama wewe ni nani. Asipokuta chochote atakwambia ulipe kwanza, na atakuwa na haki.

Najua kinachowafunga mdomo. Mnaona swali lenu ni dogo, mnaogopa kuchekwa, na wengine mnajiambia kwamba mtu mwenye mtaji wa laki moja hana cha kuwafundisha wakubwa. Hilo la mwisho nalikataa kabisa. Anayekaa Marangu au Machame ndiye anayejua mapema wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaulizia buti namba ngapi. Msimu mkavu wa mlimani ni Juni mpaka Oktoba, halafu tena Januari na Februari, kwa hiyo anayesubiri Julai ndipo aanze kutafuta mzigo amechelewa. Anayeshinda sokoni Tengeru siku ya Jumatano na Jumamosi anajua sweta za watoto zimefika bei gani baridi inapoanza. Mistari miwili ya taarifa kama hiyo naithamini kuliko picha ishirini za nguo.

Anzeni kwa kujitambulisha. Ujumbe mmoja unatosha: jina, eneo, unachouza, unachotafuta. "Shikamooni wakubwa, habari zenu wenzangu. Naitwa fulani, nipo Ngarenaro, nauza viatu vya watoto vya mtumba, namba 24 hadi 34. Natafuta fundi mzuri wa kushona soli." Kwa maneno hayo machache mtu wa Sakina ameshajua akuletee mteja gani.

Msijitambulishe kwa kumwaga picha kumi na tano zenye "bei inboksi". Picha nyingi zinakula bando la watu, nao wanalinyamazisha kundi, kisha hata swali lako la maana halisomwi. Na mnunuzi akiona bei imefichwa anahisi itapangwa kwa kumtazama yeye ni nani. Andika bei. Pia msiulize chimbo la mtu, yaani anakotoa mzigo wake, siku ya kwanza. Chimbo ni mtaji wake, amelitafuta kwa nauli na kwa hasara. Mwulize namna ya kuchagua mzigo, atakujibu kwa moyo.

Sasa swali lenyewe. "Buti hizi ni nzuri?" halijibiki. Andika hivi: "Nimeonyeshwa buti za mlima jozi 6, za kiume, namba 41 hadi 44, ngozi nzima, bei ya jozi ni hii. Nimepiga picha juu, ubavuni, chini na ndani penye lebo. Soli nizikague vipi?" Hapo mjuzi ana pa kushika, na jibu linawafaa wote. Mjuzi wa buti atakwambia usidanganywe na ngozi inayong'aa. Tazama soli ya kati, ile laini iliyo baina ya ngozi na mpira wa chini. Nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, na unyevu wa hewa huimega kidogokidogo kwa miaka, hata kama buti ilikaa kabatini bila kuvaliwa. Ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ikibonyea na kurudi, endelea. Ikiacha shimo, ikinata au ikidondosha chembechembe, iache. Ikunje mara kadhaa utafute nyufa ubavuni. Msitegemee gundi, maana kinachooza ni soli yenyewe, gundi haina pa kushika. Mpagazi akiachwa na soli njiani akiwa na mzigo mgongoni, hilo si suala la kurudishiwa hela tu.

Namba nazo zinachanganya. Kwa viatu vya kiume, 8 ya Uingereza ni karibu sawa na 42 ya Ulaya na 9 ya Marekani. Anayeandika "namba 8" peke yake atarudishiwa mzigo. Toa soli ya ndani, ipime kwa sentimita, uandike kipimo hicho.

Ukishajibiwa, rudi na mrejesho, kwa sababu hapo ndipo jina linapojengwa. "Nilikagua kama mlivyoniambia, nikaacha jozi 2, nikachukua 4, tatu zimeuzika." Aliyekujibu ataona hakupoteza muda wake. Anayechukua jibu na kutoweka, safari ya pili hujibiwa kwa uvivu.

Mtu akikuibia, au akijaribu, sema. Aibu ya kukaa kimya inawapa matapeli wateja wengine. Ujumbe wa malipo wa uongo hutoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, ukiwa umeandikwa kwa mpangilio uleule wa ujumbe halisi. Usiachie mzigo kwa kuusoma ujumbe; angalia salio mwenyewe, kwa M-Pesa ni *150*00#. Na mtu akipiga akidai amekutumia hela kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Mwelekeze kwa huduma kwa wateja wa mtandao wake, maana anaweza kuomba muamala urudishwe huko huku wewe umeshamtumia nyingine. Ukilileta hilo kundini, futa namba za wateja wasiohusika kwenye picha ya simu yako.

Mizigo ya basi ni eneo jingine ambalo wageni mnaweza kutufaa. Basi kutoka Dar es Salaam linapita Moshi kabla ya Arusha, na mzigo wa Moshi usipoonekana haraka stendi unapelekwa moja kwa moja Arusha. Mwombe anayetuma aandike MOSHI kwa herufi kubwa pande mbili za boksi, jina na simu ya mpokeaji, kisha akutumie picha ya risiti na namba ya gari. Mkipata ofisi ya mizigo yenye uangalifu, tuambieni.

Nanyi wenyeji wa kundi, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumjibu mtu "soma juu" ni kumfunga mdomo mwaka mzima. Swali likijirudia, nakili jibu la zamani uliweke tena, ni kazi ya sekunde chache. Kosa la bei au la tahajia mrekebishe pembeni, si mbele ya watu. Na viongozi msiwafute wanaosoma tu. Mtu mwingine anajifunza kwanza, na hiyo ni heshima yake.

Mkiandika, andikeni jioni baada ya saa mbili, wengi wakiwa wamefunga. Jumbe ndefu za sauti zipunguzeni, kwani aliye dukani na mteja hawezi kuzisikiliza. Swali lako likikosa jibu, usione ni dharau; limezama tu chini ya matangazo. Subiri siku moja, lirudishe pamoja na picha, na umtaje kwa jina anayeuza bidhaa hiyo. Naye akinyamaza, mwandikie pembeni kwa salamu na swali lako zima kwa mara moja, usimwachie "mambo" ya kumsubirisha.

Mzee wenu,
Arusha