Barua ya malalamiko: Mmeniuzia matairi ya barabara ya vumbi, mkaninyima waranti kwa kukanyaga vumbi

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TAWI LENU LA DODOMA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, ila naomba heshima hiyo isichukuliwe kwamba yameisha. Hayajaisha.

Masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Msimamizi wa tawi lenu amekataa kunibadilishia tairi lililopasuka ubavuni kwa maelezo kwamba gari "lilitoka nje ya lami". Tairi lenyewe ni A/T, yaani la lami na vumbi pia, limefungwa kwenye Hilux inayovuta magurudumu yote manne, na aliyeniuzia nilimweleza kwa mdomo wangu kwamba gari hili linafuata ufuta na alizeti Farkwa na Kwa Mtoro. Lami ya kufika huko iko wapi?

Hilo la kukataa peke yake tungeweza kukaa tukazungumza. Nisiloweza kulimeza ni jinsi alivyokataa. Aliliinamia tairi, akapitisha vidole kwenye mpasuko, akaniangalia, akasema: "Mama, hili mmeliua wenyewe. Mwambie mwenye gari aje tuongee naye." Nikamjibu kuwa mwenye gari ndiye mimi. Akamgeukia mwanaume aliyekuwa nyuma yangu: "Karibu mzee, nikusaidie nini?"

Ndugu Meneja, mimi si mtu wa kuchaguliwa tairi. Siku ya kununua, kijana wenu wa mauzo aling'ang'ania nichukue M/T, yale ya matope yenye kashata (meno) kubwa, eti yanapendeza kwenye Hilux. Nilimkatalia na sababu nikampa. Kutoka Dodoma mpaka unapoiacha barabara ya Kondoa unatembea kwenye lami, na M/T kwenye lami hulia njia nzima, huisha upesi, na mvua ikinyesha breki huchelewa kushika. H/T, ile ya barabara za lami, nayo sikuitaka, maana udongo wetu wa mbuga ukishalowa hujaa kwenye zile kashata zake ndogo, tairi likabaki laini kama sabuni. Kwa safari zangu A/T ndiyo inayofaa. Lakini nilichosisitiza kuliko vyote ni ubavu. Njia ile ina mawe yaliyochongoka na miiba ya migunga, na kwenye mchanga wa makorongo lazima upunguze upepo ili gari lipite. Upepo ukipungua tairi hulala, ubavu unatoka nje, na hapo ndipo jiwe linapoukuta. Ndiyo maana niliagiza LT265/65R17 yenye namba 120/117; hiyo LT ni alama ya tairi la gari la mzigo, lenye ubavu mgumu. Kijana wenu anajua maana ya 120: tairi moja linabeba mpaka kilo 1,400. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaibandika pembeni ya kompyuta yake mbele ya macho yangu. Nikalipa shilingi 2,600,000 kwa matairi manne. Risiti ya EFD ikatoka imeandikwa "tairi A/T 4" basi, bila saizi, bila namba. Leo naelewa kwa nini.

Matairi yalifungwa kwenye yadi yenu, ambako mteja haruhusiwi kuingia, na dereva wangu ndiye aliyekwenda kulichukua gari jioni. Lilipopasuka, giza lilikuwa limeshaingia. Dereva anafungua nati, mimi nimemshikia tochi ya simu. Tairi lilipotoka nikalimulika: 265/65R17 112. Herufi LT hakuna. Hiyo 112 ni kilo 1,120, yaani kila gurudumu mmelipunguzia kilo 280 za uwezo, na ubavu niliolipia haupo. Tukaligeuza. Upande wa ndani, ule unaotazama ekseli, ndiko kulikokuwa na tarehe ya kutengenezwa: 0819. Wiki ya 8 ya mwaka 2019! Upande wa nje namba hiyo haikuwepo. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo bila kuguswa, na nyie mnaouza matairi hamhitaji kuambiwa hilo na mnunuzi wa ufuta. Nilipofika mjini nikayalaza chini na yale matatu mengine. Yote 112, yote tarehe imeelekezwa ndani. Mafundi wa pancha wa Majengo waliniambia kile ninachokijua: ubavu ukishachanika hauzibiki, tupa.

Mzigo wangu ulibaki kwa mkulima, mnunuzi wangu wa mjini akachukua kwa mtu mwingine, na nikarudi nakanyaga polepole na tairi la spea ambalo ni la zamani.

Sasa nirudi pale kaunta, kwa sababu nataka mlione tukio zima. Nilikuja na risiti mkononi na picha za namba kwenye simu. Nikamwonyesha msimamizi 112, nikamwonyesha 0819. Simu yangu hakuishika. Alisema: "Mama, haya mambo ya namba ni marefu, mwambie mwenye gari aje tuongee naye." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba gari ni langu, kadi ina jina langu, na pesa iliyolipwa hapa ni yangu. Akanipita kwa macho, akamkaribisha yule mzee wa nyuma. Kisha akampungia mkono kijana wa yadi, naye akalibingirisha tairi langu hadi nje na kuliegemeza kwenye pipa la taka. Mimi nimesimama pale pale. Msimamizi yule namzaa kabisa, na hata shikamoo hakunipa.

Siku ile nilikwenda kuomba tairi moja tu. Leo siombi moja. Nataka matairi yote manne yatolewe na yafungwe yale niliyoagiza, LT, 120/117, ya mwaka huu, nami nikiwa nimesimama hapo hapo nayasoma kabla hayajaingia kwenye rimu. Kama hamnayo, rudisheni 2,600,000 yangu yote pamoja na hasara ya safari ile. Na msimamizi wenu aniandikie barua ya kuniomba radhi, yenye jina lake na sahihi yake. Simu sitaki, na wala asimtume kijana wa mauzo.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Kila nikikumbuka lile benchi naona ni nyingi. Nawapa siku 7 tangu mnapoipokea barua hii. Zikipita, nalipeleka shauri hili Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa anayouziwa. Karatasi yangu ya oda nilishaipiga picha siku ile ile, ikiwa imebandikwa kwenye kompyuta yenu. Tairi nililitoa pale kwenye pipa kwa mikono yangu, liko nyumbani, limefunikwa turubai. Na wanunuzi wenzangu wa mazao wa Chemba na Kondoa, ambao wengi wanafunga matairi kwenu, nimeshawaambia walale chini ya magari yao na tochi wasome upande wa ndani. Wawili wameshanipigia. Wao pia watawaandikia.

Wenu,

Mteja na mmiliki wa gari,
Dodoma.

Nakala: Mwanasheria wangu.
Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya kadi ya gari, picha za matairi manne.