Barua kwa vijana wa Lubumbashi wenye kutafuta parseli ya kujenga: pimeni njia mbele ya kutoa franga

Batoto yangu, nyinyi wenye mumeanza kazi juzi, na nyinyi wenye mumeoana na bado munalipa nyumba ya bantu,

Ninawaandikia juu nimechoka kunyamaza. Ninawaona munatoka kwa komisionere, ule dalali wa parseli, na karatasi mukononi, furaha tupu, munaniambia mama, tumepata parseli, kubwa, bei ndogo. Nikiuliza ni wapi, ni mbele ya Kilobelobe, ao nyuma ya Kalebuka, ao ku njia ya Kasenga fasi yenye hata jina bado haina. Nikiuliza tena, na kazi yako iko wapi? Katikati ya muji. Na njia? Hapo njo munanijibu: haiko mbali mama, ni dakika 25.

Hizi dakika 25 njo zenye kuniudhi. Nani alizipima? Komisionere anakuja kukukamata siku ya yenga kiisha misa, na jipu yake, mwezi wa sita ao wa saba, udongo umekauka, barabara wazi, takisi-busi hazijazane, munafika mbio, upepo muzuri, anakuonyesha miti ya maembe, anakuambia lami inakuja huku mwaka kesho. Unarudia nyumbani unamuambia bibi yako dakika 25. Kiisha mwezi wa kumi na moja mvua inaanza. Ile njia nyekundu inakuwa potopoto, busi haiingie tena, inakuacha ku lami, unatafuta moto, pikipiki ya kubeba bantu, na motari anapandisha bei juu anajua hauna namna ingine. Asubui unalipa moto, unalipa busi, na siku zingine shofere anakata njia katikati, anasema mwisho ni hapa, shukeni, unalipa busi ya pili kwa njia ileile moja. Mangaribi unaanza tena vilevile, na giza, na simu yako unaificha mu soksi.

Sasa musikilize vile munapaswa kufanya. Mbele ya kutoa hata dola moja, enda kule siku ya kazi, peke yako, bila komisionere, mu mwezi ya mvua. Lala kwa muntu mwenye kukaa karibu na ile parseli kama unamupata. Amuka saa kumi na moja ya asubui, tembea na miguu mpaka fasi busi inapita, ngojea sawa vile bengine banangojea, fika ku mulango wa kazi yako, kiisha angalia saa. Mangaribi rudia vilevile. Fanya ivyo siku mbili tatu, usifanye moja. Komisionere atakuambia kuna bengine batatu banaitaka, mufanye mbio. Bakuwe batatu ao makumi, baache banunue.

Na mupige hesabu ya kweli. Ukiwa unatumia saa moja na nusu kuenda na saa moja na nusu kurudia, ni saa 3 kila siku. Siku 6 mu juma, saa 18. Mu mwaka wa majuma 50, saa 900. Gawanya na 24, inapita siku 37, muchana na usiku, wewe unakaa mu busi magoti mu mugongo wa mwenzako. Hakuna patron mwenye kukulipa zile saa. Ongeza transpo ya bibi yako mwenye kuuzisha ku soko, na ya batoto ya masomo, zidisha na siku za mwezi, kiisha weka ile hesabu pembeni ya bei ya nyumba ya kulipa karibu na kazi. Munalinganisha bei ya parseli na bei ya parseli, ile ya kila mwezi hamuiweke ku karatasi, na njo ile yenye kuwakula.

Nilifundisha primeri miaka mingi, na hapa nitasema mingi kidogo, munivumilie. Kulikuwa mutoto mwanamuke wa mwaka wa tatu, akili safi, alikaa ku banki ya mbele. Ikifika somo ya pili kidevu chake kinashuka polepole juu ya kaye, kalamu bado iko mu vidole. Chini ya banki viatu vyake viko mu bamifuko ya plastiki, ya kufunga na kamba ku miguu, potopoto nyekundu mpaka ku magoti. Nilimuita mama yake. Aliniambia mutoto anaamuka saa kumi ya usiku, juu papa yake njo anamuacha ku masomo wakati anaenda kazi, na papa akichelewa wanamukata franga. Yule papa alikuwa muntu wa bidii, alijenga nyumba yake mwenyewe kwa jasho. Lakini batoto yake alikuwa anabaona banalala tu, asubui banalala, usiku banalala, na siku ya yenga yeye njo analala. Munaponunua kule mbali hamununue kwa ajili yenu peke yenu. Mutoto wa miaka nane yeye hakusaini kitu, lakini njia anailipa.

Ninajua juu ya nini munakimbilia mbali. Bayere, mwenye nyumba, anapiga hodi mwisho wa mwezi na sauti ya juu mbele ya majirani, anaomba garanti ya miezi mingi, anakukatazia wageni. Inaumiza, batoto yangu, siwacheke hata kidogo. Lakini komini za hapa mu muji, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, munaona ni fasi za bazee, munaona haya. Nusu ya parseli mule, na nyumba ya zamani yenye ukuta kupasuka, inaweza kuwapa maisha kuliko eneo kubwa fasi hata duka la kununua mukate hakuna.

Na makosa haiko yenu peke yenu. Muji huu ulianza mwaka 1910, na Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa bakoloni, ilijenga makambi ya bafanyakazi karibu na mashine yake, bazee betu balikuwa banaenda kazi na miguu. Sisifie bakoloni, ile nyumba ilikuwa ya patron, ukipoteza kazi unatoka. Lakini mwenye kuajiri alijiuliza kwanza mufanyakazi atalala wapi. Leo shaba na kobalti zinatoka ku inchi yetu kila siku, na bakubwa banakata parseli barabara bado, maji ya Regideso bado, umeme bado, kiisha patron anakushika na karatasi ya kuchelewa sawa vile wewe njo ulipanga muji. Hiyo ni aibu, na ninaisema bila kuogopa.

Ingine kwa ufupi. Mwenye kufanya kazi Kipushi asinunue ku njia ya Kasenga, ni pande ingine ya muji. Mwenye kufanya kazi mbali, Kolwezi, kwa mizunguko, mwenye kurudia nyumbani kiisha majuma, asipime njia yake, apime ya bibi na batoto: soko, masomo, hospitali usiku. Kazi inabadilika, basi chagueni karibu na lami yenye busi za pande mingi kuliko karibu na patron mumoja. Na sheria ya 1973 inasema udongo ni wa serikali: karatasi ya chefu peke yake haitoshe, fuateni mpaka certificat d'enregistrement, karatasi ya serikali yenye kuandika parseli ku jina lako.

Nyinyi wenye mumeisha kununua mbali, musiuzishe kwa hasira, mutapoteza. Zungusheni ukuta hata wa matofali ya kuchoma, mukilinda mipaka, mulipe muntu mwaminifu akae mule na alime muhindi, na nyinyi mulipe nyumba karibu na kazi na masomo. Lami ikifika, mutahamia. Isipofika, batoto watakuwa balisoma.

Mama yenu, mwalimu wa zamani, Lubumbashi