Nyasi ya Hakone haijafa, na bei yake ina sababu

Kila ifikapo Januari simu ni zile zile: "Nyasi mliyotupandia imekufa, tunataka hela yetu." Mwaka huu mteja mmoja ametutangaza kwa jamaa zake hapa Uingereza kwamba tunauza mimea mibovu kwa bei ya kuruka. Basi tunajibu wazi, maana kazi yetu tunaifanya kwa uangalifu na jina letu tunalijali.

Nyasi ya Hakone, nyasi ya mapambo ya bustanini, hukauka majani yote wakati wa baridi. Kwao ni milima ya kisiwa cha Honshu, Japani, na porini haipatikani kwingine; jina imelipata kwenye eneo la Hakone, kusini-magharibi mwa Tokyo. Oktoba na Novemba majani hugeuka rangi ya machungwa, kisha kahawia, lakini shina chini liko hai. Piga goti, fukua udongo kidogo kwa kidole: utakuta vichipukizi vyeupe vyenye ncha, vigumu ukivigusa. Kwa huyo aliyelalamika tulikwenda tukafukua mbele yake, akaviona kwa macho yake.

Sasa bei. Kopo la lita 2 tunauza pauni 14, na tunasikia kwamba dukani kuna nyasi nyingine za pauni 4. Zipo, na hukua haraka. Hii hukua polepole mno. Zile za rangi, kama 'Aureola' yenye michirizi ya njano, ukiotesha kwa mbegu hazitoki kama mama yake, kwa hiyo hakuna njia ila kugawa shina kwa mkono. Sisi hugawa mwanzoni mwa majira ya kuchipua tu, kila kipande kikiwa na vichipukizi kadhaa na mizizi yake, halafu kinakaa kitaluni misimu miwili kabla hakijauzwa. Unalipia muda huo, pamoja na mtu aliyemwagilia na kung'oa magugu.

Wanaotafuta njia ya mkato ndio wanaotuumiza roho. Kaka mmoja alinunua kwetu shina moja kubwa, akalikata kwa sepeto vipande vidogo vidogo mwezi wa Novemba apate kuzungushia njia yote ya nyumba. Udongo wake ni mfinyanzi, mvua ikanyesha, maji yakatuama. Kufika Aprili vilikuwa vimeoza karibu vyote. Akanunua upya, na safari hii akalipia na mifereji. Huko milimani nyasi hii huota kwenye miamba yenye unyevu, mizizi imeshika nyufa, maji yanapita hayasimami. Ndiyo maana kabla ya kupanda tunachimba na kuchanganya mboji na kokoto ndogo, na ndiyo maana tunatoza siku nzima ya kazi.

Mwingine aliagiza mbegu za 'Aureola' mtandaoni. Zilizoota zilikuwa nyasi za kawaida kabisa, za kijani.

Na kuna wanaoiweka chini ya ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa. Hiyo ya njano huungua ncha na kupauka. Ikizidiwa na kivuli nayo hugeuka kijani-limau, bado inapendeza, ila si ile rangi uliyoilipia. Tafuta jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Ukiipatia mahali pake, hakuna nyasi tunayoipenda kuipanda kuliko hii. Majani hulalia upande mmoja kama maji yanayoteremka, na upepo ukipita yote huyumba pamoja. Ukingo wa njia, chini ya mti wa mepo (maple), au kwenye chungu kirefu mlangoni upande usio na jua: Wajapani wenyewe wanaipenda sana kwenye vyungu. Haivamii majirani zake, na konokono hawaishughulikii sana. Mwaka 2009 chama cha wakuza mimea ya kudumu huko Marekani kiliichagua 'Aureola' kuwa mmea wa mwaka.

Majani makavu yaache yakae, yanalinda shina. Mwisho wa Februari yakate yote, yabaki urefu wa vidole vitatu hivi, kwa mkasi wa mkono. Usingoje Mei ukaja na mashine ya kufyekea: dada mmoja alifanya hivyo, akafyeka machipukizi mapya yote, mwaka mzima akabaki na visiki. Tuliowapandia sisi, mwaka wa kwanza tunakuja kukata bila malipo. Tupigie tu kabla Februari haijaisha.